Kutoka Kambi ya 1961 hadi Stesheni ya Likasi: Ulinzi wa Watu Wachache na Ushirikiano wa Mataifa katika Katanga

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali ambalo historia ya mkoa wetu imeliuliza mara mbili kwa kipindi cha miaka thelathini na kidogo. Watu wanapotishwa, kupigwa na kufukuzwa na wale wanaojiita wenyeji, huku serikali ya mahali ikitazama au hata ikishangilia, mataifa mengine yaweza kufanya nini ili kuwalinda? Mara ya kwanza swali hili liliulizwa mwaka 1961 hapa Lubumbashi, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mara ya pili liliulizwa mwaka 1992 na 1993 kule Likasi na Kolwezi, mkoa ukiitwa Shaba. Mara zote mbili waliofukuzwa walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wenye asili ya Kasai.

Wanafunzi wetu wengi hawakuwa wamezaliwa mambo hayo yalipotokea, na mwandishi wa makala haya naye alikuwa bado hajazaliwa au mtoto asiyejua kitu. Hata hivyo, katika mihadhara yetu ya isimu jamii hakuna saa moja inayopita bila darasa kunyamaza ghafla pale mfano fulani wa neno unapotajwa. Ukimya huo ndio uliotusukuma kuandika. Hatutaki kufungua vidonda kwa kupenda kuona damu. Twataka kuelewa, kwa utaratibu wa kitaalamu, jinsi watu walivyookolewa pasipo kulindwa.

Tofauti hiyo ya vitenzi viwili, kuokoa na kulinda, ndiyo msingi wa hoja yetu. Anayeokoa humtoa mtu mahali pa hatari. Anayelinda humwezesha mtu kubaki mahali pake salama. Tutajaribu kuonyesha kwamba mwaka 1961, na tena mwaka 1992 na 1993, mataifa ya nje yaliokoa roho nyingi, na kwa hilo yanastahili shukrani. Lakini haki ya kubaki hawakuilinda, na kila mara safari iliishia katika njia ileile ya reli iendayo Kasai.

2. Wachache ni nani?

Kwanza yafaa tuliweke sawa neno lenyewe. Tunaposema "watu wachache" hatuhesabu vichwa tu. Katika baadhi ya mitaa ya Likasi na Kolwezi watu wa asili ya Kasai walikuwa wengi sana, na mahali pengine waliwazidi majirani zao. Uchache tunaouzungumzia hapa ni wa ulinzi: ni hali ya kundi ambalo, siku mambo yanapoharibika, halina askari wa kuliita wala ofisi ya serikali ya kuikimbilia. Mtu aweza kuwa na nyumba, cheo na watoto wengi shuleni, na bado akawa miongoni mwa wachache kwa maana hiyo.

Walifikaje Katanga? Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuta nchi yenye shaba nyingi na watu haba. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na kwa miaka kadhaa vibarua wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Katika miaka ya 1920 kampuni iligeukia Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi. Njia ya reli ya BCK iliyounganisha Katanga na Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, ilikamilika mwaka 1928, na karibu wakati huohuo kampuni ikaanza siasa ya kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Hivyo basi, Mkasai hakuja Katanga kama mvamizi. Aliletwa kwa kandarasi, akapewa nyumba kambini, na watoto wake wakajifunza Kiswahili shuleni na uwanjani pamoja na watoto wa Kisanga, wa Kilunda, wa Kibemba na wa Kiluba cha Katanga.

Kiswahili chetu cha Lubumbashi ni mtoto wa maisha hayo. André Yav, aliyeandika mwaka 1965 historia ya mji huu kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, aliiandika kwa Kiswahili hichohicho cha kambi na cha boi. Andishi lake, lililochapishwa upya na Johannes Fabian mwaka 1990, linathibitisha kwamba kabla ya wanasiasa kugawa watu, watu wa kawaida walikuwa tayari na lugha ya pamoja ya kusimulia mateso yao.

Mgawanyiko wa kisiasa ulijitokeza wazi baada ya uchaguzi wa miji wa mwaka 1957. Katika komini za Waafrika mjini Élisabethville waliochaguliwa kuongoza hawakuwa wazaliwa wa makabila ya Katanga. Wengi wao walikuwa wa Kasai. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1958, chama cha CONAKAT kikaanzishwa ili kutetea wale walioitwa Wakatanga halisi. Manung'uniko yao hayakuwa ya uongo mtupu. Wenyeji wengi waliona kwamba kazi za ofisini na vyeo vidogo vya kampuni vimekwenda kwa waliotoka mbali na kusoma mapema. Lakini manung'uniko juu ya mgawo wa kazi ni jambo moja, na kumnyima mtu haki ya kukaa alipozaliwa ni jambo jingine. Historia ya Katanga ni historia ya jinsi la kwanza lilivyogeuzwa kuwa la pili.

3. Kambi ya 1961

Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Siku tatu baadaye, tarehe 14 Julai, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 143, na Umoja wa Mataifa ukaanza kupeleka askari wake, waliojulikana kwa jina la ONUC. Katika kilele chake kikosi hicho kilikaribia askari 20,000.

Yafaa kukumbuka kwamba ONUC haikutumwa kulinda watu wachache. Ilitumwa kuisaidia serikali ya Kongo, kuhakikisha askari wa Ubelgiji wanaondoka, na baadaye, kwa azimio namba 161 la tarehe 21 Februari 1961, kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe hata kwa kutumia nguvu pale njia nyingine zinaposhindikana. Habari za mateso ya watu zilikuwa zimekwisha kufika New York. Baada ya mauaji ya Bakwanga ya Agosti 1960, ambako askari wa jeshi la taifa waliwashambulia Waluba wa Kasai ya Kusini, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld aliliambia Baraza la Usalama kwamba matendo hayo yalikuwa na sura ya mauaji ya kimbari. Neno lilikuwa zito, lakini agizo la kulinda raia halikuandikwa.

Katika Katanga yenyewe, Waluba walikuwa na sababu mbili za kuogopa. Waluba wa kaskazini walishukiwa kwa sababu wengi wao waliunga mkono chama cha BALUBAKAT cha Jason Sendwe, kilichopinga kujitenga. Waluba wa Kasai walishukiwa kwa sababu ya asili yao tu. Umoja wa Mataifa wenyewe haukuaminika kwa wote. Tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, askari 9 wa Ireland waliokuwa katika ONUC waliuawa na wapiganaji wa Kiluba. Aliyetumwa kuleta amani alionekana machoni pa aliyeteswa kuwa mzungu mwenye bunduki kama wale mamluki wa Tshombe.

Ndipo ikaja Agosti 1961. Baada ya kukamatwa kwa watu na vitisho vya polisi na askari wa Katanga katika mitaa ya Élisabethville, familia za Kiluba zilianza kuhama makwao na kukimbilia karibu na kambi ya askari wa Uswidi wa ONUC. Mwanzoni walikuwa wachache. Kufikia wiki ya pili ya Septemba walizidi 30,000, na hesabu iliendelea kupanda katika miezi iliyofuata. Conor Cruise O'Brien, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa katika Katanga wakati huo, alieleza baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1962 jinsi mzigo huo ulivyowaangukia bila kutazamiwa. Serikali ya Katanga ilidai kwamba ni Umoja wa Mataifa wenyewe uliowaita watu wale kwa propaganda. Dai hilo tunalisikia kila zama: anayewafukuza watu humlaumu anayewafungulia mlango.

Lazima tuseme ukweli juu ya kambi ile. Iliokoa watu. Wakati mapigano ya Septemba na ya Desemba 1961 yalipoutikisa mji, maelfu waliokuwa ndani ya mstari wa askari wa Uswidi hawakufikiwa na wale waliowatafuta. Ni kweli pia kwamba kambi haikuwa pepo. Watu walilala katika vibanda vya magunia na matawi, chakula kilikuwa haba, magonjwa yalienea, na vikundi vya vijana vikatawala kwa rungu usiku. Askari aliyefundishwa kulinda mpaka hakuwa amefundishwa kuongoza mji wa watu wenye njaa.

Je, mwisho wake ulikuwa nini? Mwaka 1962 Umoja wa Mataifa ulipanga safari za kuwapeleka wakimbizi hao, wengine Kasai ya Kusini, wengine Katanga ya Kaskazini, na kambi ikafungwa. Kwa kipimo cha wakati ule huo ulikuwa ushindi: makumi ya maelfu ya watu wamefika salama. Kwa kipimo cha haki tunasita, kwa maana wale waliotaka Élisabethville bila Waluba walipata, kwa gharama ya Umoja wa Mataifa, sehemu kubwa ya kile walichokitaka. Kilichogeuza mambo ni mwisho wa kujitenga kwenyewe mwezi wa Januari 1963. Baada ya hapo, na hasa chini ya utawala wa Mobutu, Wakasai wengi walirudi, wakarudishiwa kazi, wakajenga tena. Walirudi kwa sababu utawala ulikuwa umebadilika. Hapakuwa na mkataba wala chombo cha kimataifa kilichowahakikishia marejeo hayo.

4. Shaba 1992 na 1993

Miaka ya 1990 ilianza kwa matumaini na njaa kwa pamoja. Mobutu aliruhusu vyama vingi mwezi wa Aprili 1990. Mkutano Mkuu wa Taifa ulifunguliwa Kinshasa Agosti 1991. Gécamines, mama na baba wa mkoa huu, ilikuwa inakufa. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na uzalishaji wa shaba uliokuwa umezidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ulishuka hadi tani 50,000 hivi mwaka 1993. Mshahara ukawa hadithi. Mahali ambapo mkate unapungua, swali la nani ana haki ya kuukata huanza kusikika kwa sauti kubwa.

Nguz Karl-i-Bond, mzaliwa wa mkoa huu na kiongozi wa chama cha UFERI, aliachana na wapinzani wenzake akakubali kuwa Waziri Mkuu wa Mobutu mwezi wa Novemba 1991. Gabriel Kyungu wa Kumwanza, wa chama hichohicho, akawekwa kuwa gavana wa Shaba. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa Waziri Mkuu badala ya Nguz. Kinshasa walicheza barabarani. Huku kwetu furaha ya Wakasai ilichukuliwa kuwa matusi. Kinaya cha historia ni kwamba Kyungu na Tshisekedi walikuwa wamesimama pamoja mwaka 1980 miongoni mwa wabunge 13 waliothubutu kumwandikia Mobutu barua ya wazi. Aliyefaidika na ugomvi wao mpya alikuwa Mobutu mwenyewe, kwa kuwa upinzani uliopasuka katikati haukumtisha tena.

Vijana wa UFERI, walioitwa JUFERI, walianza kushambulia nyumba. Mwezi wa Septemba na Oktoba 1992 zamu ilikuwa ya Likasi. Machi 1993 ilikuwa ya Kolwezi. Nyumba ziliporwa na kuchomwa, watu waliuawa, na wafanyakazi walitolewa kazini na kwenye nyumba za kampuni. Walikimbilia mashuleni, parokiani na kwenye stesheni za gari moshi, wakisubiri mabehewa ya kuwapeleka Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi au Kananga. Wengine walisubiri kwa miezi. Treni zilikuwa chache na mbovu, safari ilichukua majuma, na watoto wengi walikufa njiani au palepale kwenye jukwaa la stesheni. Makadirio ya idadi ya waliofukuzwa yanatofautiana, lakini yote yanahesabu kwa mamia ya maelfu.

Msomaji asidhani kwamba kila Mkatanga alishika rungu. Wako waliowaficha jirani zao chini ya kitanda, waliotunza funguo za nyumba, walioandikiana hati za uongo za kununua mali ili isiporwe. Mjini Lubumbashi fukuzafukuza haikufikia kipimo cha Likasi na Kolwezi. Kazi ya wanahistoria wa chuo chetu, hasa Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake waliokusanya kumbukumbu za wakazi wa Lubumbashi, imetusaidia kuona kwamba ndani ya kila kundi kulikuwa na waliokataa.

5. Maneno yaliyotangulia rungu

Kwa kuwa jarida hili ni la Kiswahili, haifai tupite bila kutazama lugha ya matukio hayo. Tuchukue maneno mawili.

La kwanza ni "bilulu". Katika Kiswahili cha Lubumbashi "kilulu" ni mdudu, na wingi wake ni "bilulu", kwa kuwa kiambishi "vi-" cha Kiswahili sanifu huwa "bi-" kwetu. Katika mikutano ya hadhara ya miaka ile neno hili lilitumiwa kuwataja Wakasai. Yupo atakayesema kwamba ngeli yenyewe ndiyo iliyowaondolea utu, kwa kuwahamisha kutoka ngeli ya watu hadi ngeli ya vitu. Hoja hiyo yavutia lakini haisimami. Kiswahili kina kijana, kiongozi na kipofu katika umbo hilohilo, na hakuna anayewadharau kwa sababu ya kiambishi. Kosa halikuwa la sarufi. Lilikuwa la uteuzi wa neno, na la mtu aliyeliteua akiwa na kipaza sauti mkononi. Mdudu hafukuzwi kwa kesi wala hapewi notisi. Mdudu hufagiliwa. Neno lilikwisha kutamka hukumu kabla kijana hajaokota jiwe.

Jambo hili si letu peke yetu. Nchini Rwanda neno "inyenzi", yaani mende, lilikwisha kutumiwa tangu miaka ya 1960, na redio RTLM iliyoanza kutangaza Julai 1993 ikalieneza kila kilima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari, uliopitishwa tarehe 9 Desemba 1948, unataja uchochezi wa wazi na wa hadharani kuwa kosa la kuadhibiwa. Kongo iliingia katika mkataba huo mwaka 1962. Tena sheria yetu ya tarehe 7 Juni 1966 ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila ilikuwapo. Kwa hiyo mwaka 1992 sheria haikukosekana. Aliyepaswa kuitumia ndiye aliyekuwa jukwaani.

Neno la pili ni la Kifaransa lakini limeingia kinywani mwa kila mtu hapa: "refoulés". Waliofukuzwa waliitwa hivyo, na bado wanaitwa hivyo. Maana yake ni waliorudishwa. Lakini mtu aliyezaliwa Panda, Likasi, ambaye baba yake pia alizaliwa huko, ambaye hajawahi kuiona Kasai, anarudishwa wapi? Neno linampa nyumbani asikokujua na kumnyang'anya nyumbani alikolelewa. Wengi waliofika Kasai wakizungumza Kiswahili walijikuta wageni kwa mara ya pili. Ajabu zaidi ni kwamba neno hilohilo, katika sheria ya kimataifa, limo katika kanuni inayomlinda mkimbizi: kifungu cha 33 cha mkataba wa mwaka 1951 kinakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini. Lakini kanuni hiyo yamhusu aliyevuka mpaka wa nchi. Mkasai wa Likasi hakuvuka mpaka wowote. Alisafirishwa ndani ya nchi yake, na hivyo akaanguka katikati ya sheria mbili bila kushikwa na hata moja.

6. Kwa nini mara hii hakuja mtu na askari?

Mwaka 1961 palikuwa na askari wa Uswidi. Mwaka 1992 walikuja madaktari wa Médecins Sans Frontières, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya misaada. Walileta maji, hema, dawa na chakula kwenye stesheni, na bila wao waliokufa wangekuwa wengi zaidi. Lakini hakuna kikosi kilichokuja. Tunaona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba mlango wa mazungumzo ulikuwa umefungwa. Baada ya mauaji ya wanafunzi katika chuo chetu hiki usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, Ubelgiji ulidai uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa, ushirikiano ukavunjika. Uamuzi huo ulikuwa na heshima yake. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa kwamba, miaka miwili baadaye, nchi iliyoijua Katanga kuliko nyingine zote haikuwa na kamba ya kuivutia Kinshasa. Na wakati wa uporaji wa askari wa Septemba na Oktoba 1991, wanajeshi wa Ufaransa na Ubelgiji walikuja kuwaondoa wageni, kisha wakaenda zao. Somo lilieleweka na kila mtu: raia wa Zaire hawamo katika hesabu.

Sababu ya pili ni kwamba macho ya ulimwengu yalikuwa kwingine. Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 794 juu ya Somalia tarehe 3 Desemba 1992, na azimio namba 819 juu ya Srebrenica tarehe 16 Aprili 1993. Kati ya tarehe hizo mbili Kolwezi ilikuwa inaungua. Huko Masisi, Kivu ya Kaskazini, mauaji mengine yalianza mwezi huohuo wa Machi 1993.

Sababu ya tatu ndiyo nzito. Kwa fikra ya wakati ule, lililotokea ndani ya mipaka ya nchi lilikuwa jambo la nchi hiyo. Tarehe 18 Desemba 1992 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko juu ya haki za watu wa makundi machache ya kitaifa au kikabila, ya kidini na ya lugha. Kifungu chake cha kwanza kinazitaka serikali zilinde uhai wa makundi hayo ndani ya nchi zao. Siku ambayo mabalozi waliinua mikono New York, familia za Likasi zilikuwa zimelala juu ya mizigo yao zikisubiri treni. Tamko liliikabidhi kazi ya kulinda serikali ileile ambayo gavana wake alikuwa akishangiliwa na wafukuzaji.

Hapa ndipo lilipo tatizo gumu la kimaadili. Shirika linaloleta chakula stesheni na kuomba mabehewa zaidi linaokoa watoto. Papo hapo linakamilisha kazi ya mfukuzaji. Hatuthubutu kuwalaumu madaktari wale. Mtoto anayekufa kwa kuhara hangoji mjadala wetu. Lawama iende kwa waliokuwa na uwezo wa kuzungumza na Mobutu na na gavana wake, nao wakaona ni nafuu kulipia dawa kuliko kudai usalama wa watu makwao.

7. Yaliyobadilika na yasiyobadilika

Tangu hapo mengi yameandikwa. Kanuni za kuongoza juu ya wakimbizi wa ndani, zilizoandaliwa chini ya Francis Deng wa Sudan, zilitolewa mwaka 1998, na Umoja wa Afrika ukapitisha mkataba wake wa Kampala mwaka 2009. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998 umetaja kuhamisha watu kwa nguvu kuwa mojawapo ya jinai dhidi ya ubinadamu, ingawa Mahakama ya Kimataifa haiwezi kushughulikia matendo ya kabla ya tarehe 1 Julai 2002. Azimio namba 1291 la tarehe 24 Februari 2000 liliipa MONUC, kwa maneno ya wazi, kazi ya kulinda raia walio hatarini. Mwaka 2005 viongozi wa dunia walikubali kwamba serikali ikishindwa wazi kuwalinda watu wake, mataifa mengine yana wajibu.

Nyumbani, Katiba ya mwaka 2006 inasema katika kifungu cha 30 kwamba Mkongo hawezi kulazimishwa kukaa nje ya makazi yake ya kawaida, na katika kifungu cha 51 inaiagiza serikali kulinda makundi yote machache. Mwandishi wa sheria alikuwa, bila shaka, anakumbuka stesheni.

Lakini yako yasiyobadilika. Ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa juu ya uhalifu mkubwa nchini Kongo, iliyotolewa Oktoba 2010 na kuorodhesha matukio 617, inaanza Machi 1993. Kolwezi imo, mambo ya Likasi ya mwaka 1992 yamebaki kuwa usuli tu. Kaskazini mwa iliyokuwa Katanga, mapigano kati ya Wabatwa na Waluba tangu mwaka 2013 yameonyesha kwamba hata palipo na kikosi cha Umoja wa Mataifa, kijiji huchomwa kabla gari halijafika. Na hapa mjini, kila treni au lori linalofika kutoka Kasai katika miaka ya karibuni huzusha tena mazungumzo yaleyale sokoni na kwenye simu za vijana.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ushirikiano wa mataifa umefika Katanga kwa sura mbili: sura ya askari mwaka 1961 na sura ya daktari mwaka 1992 na 1993. Zote mbili ziliokoa. Wala moja haikulinda haki ya kubaki, kwa kuwa zote zilikuja baada ya watu kutoka majumbani mwao. Ulinzi wa kweli huanza mapema zaidi, siku ambayo jirani anaitwa mdudu hadharani na hakuna hakimu, mwalimu wala balozi anayelikemea neno hilo.

Kutokana na hayo twapendekeza mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wa idara yetu. La kwanza ni kukusanya, kwa Kiswahili chao wenyewe, masimulizi ya waliofukuzwa, ya waliofukuza na ya waliowaficha majirani, kabla umri haujawanyamazisha wote. La pili ni kuyafuatilia maneno ya chuki katika lugha za mkoa na kuyaeleza kwa wale wa nje wanaotaka kusaidia, kwa sababu mgeni asiyejua maana ya "bilulu" hawezi kujua hatari imefika mlango gani. Mfasiri mzuri akiwa na kipimo sahihi cha neno aweza kufupisha mwendo kati ya New York na Likasi.

Kuhusu ukimya wa darasani tuliouanza nao, tumeona kwamba mara nyingi wanafunzi walioketi dawati moja ni wajukuu wa pande mbili. Hawahitaji kuhukumiana. Wanahitaji kujua kwamba babu zao walikuwa na lugha moja kabla ya mwaka 1957, na kwamba lugha hiyo ingali mali yao wote.